Mstari Usiopingwa

Walituambia kila kaya ije na majivu ya jiko lake. Hakuna aliyeuliza ya nini. Kijijini kwetu ukiambiwa uje na jembe unauliza, ukiambiwa uje na mchango unauliza mpaka aliyekuambia anasahau alichotumwa, lakini majivu ni kitu ambacho mtu hutafuta pa kukitupa, na safari hii serikali ya kijiji ilikuwa inayaomba kwa adabu. Nikayakusanya kwenye ungo wangu uliotoboka, nikaenda nayo kiwanjani taratibu, nikipunga mkono kwa kila niliyemwona, kama mtu anayepeleka zawadi harusini.

Nasema kijijini kwetu, lakini msiniulize kiko wapi. Kilikuwa na mto upande mmoja na vumbi upande wa pili, na baadaye mto na vumbi vikabadilishana pande bila kutuaga. Watu walikuwepo. Hilo nina hakika nalo, maana hadi leo nikinyamaza nawasikia wakibishana.

Kiwanjani tulimkuta Mwenyekiti Machinjili ameketi katikati, kwenye kiti cha ofisi chenye mguu mmoja mfupi. Machinjili ni mtu mpole. Ni mpole kiasi kwamba kuku wakiingia sebuleni kwake huwaomba watoke, na wasipotoka huwaachia sebule. Kando yake alisimama mtendaji wa kijiji, binti aitwaye Tulinagwe, aliyeletwa kwetu kutoka nchi ya baridi, na ambaye alikuwa bado amevaa sweta juani kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia avue.

"Shikamooni wazee," alisema. "Leo hakuna atakayewapangia. Mtapanga wenyewe. Tutachora kijiji hapa chini, kama kilivyo na kama mnavyotaka kiwe. Kila mmoja achore pake kwa majivu yake, kisha asimame ndani. Mstari usiopingwa unabaki. Mstari unaopingwa, hata na mtu mmoja, unafutwa."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, majivu yakaniingia puani.

"Na anayekanyaga mstari wa mwenzake?" aliuliza Nalyoto. Nalyoto ni jirani yangu na ni mtani wangu. Watu wake na watu wangu waliruhusiana kutukanana zamani, wakati wa vita fulani ambavyo kila upande unasema ulishinda. "Maana huyu Chinduli hapa ana miguu kama majembe. Hajui kupita mahali bila kulima."

"Kukanyaga ni kupinga," alijibu Mtendaji. "Mguu nao ni maoni."

Nilicheka na wenzangu. Laiti ningeitafuna kauli ile kabla ya kuimeza. Mguu nao ni maoni. Nimekuwa na muda wa kuifikiria tangu hapo, muda mrefu kuliko anaopaswa kuwa nao mtu mwenye magoti mabovu, na nadhani katika kauli ile ndimo kijiji chote kilimozama. Maana mdomo unaweza kutoa maoni kisha ukaomba radhi. Mkono ukinyooshwa unaweza kushushwa, na mwenye mkono akasema alikuwa anajikuna kwapa. Lakini mguu hauombi radhi. Mguu ukishatua umetua, na pale ulipotua pamebaki alama, na alama haisikii kwamba ulikuwa unapita tu.

Tukachora. Kiwanja kilikuwa mviringo, ofisi ya kijiji katikati, na sisi tukajigawa kuizunguka kama vipande vya boga, kila kipande kikianzia penye kiti cha Mwenyekiti na kuishia nje kabisa, kwenye majani. Kulia kwangu alichora Nalyoto, kwa majivu meusi ya pumba za mpunga. Kushoto alichora Bi Mwanjaa, mjane mwenye mikono laini, kwa majivu meupe mfano wa unga wa muhogo. Tuliamua kwa pamoja kwamba zahanati isimame kwake. Na kwa kuwa kila kilichomo kwenye mpango lazima kisimamiwe na mtu, Bi Mwanjaa akasimama kama zahanati.

Ilikuwa kazi nzuri. Sijapata kuona watu wakichora kwa uangalifu namna ile. Kila mmoja aliinama, akanyunyiza, akarudi nyuma kukagua, akaongeza pale palipopungua, ili jirani asije siku moja akasema mpaka haukuwa wazi. Na kila mstari ulipokamilika Mtendaji aliuliza, "Nani anapinga?" na sisi tukakaa kimya, na asiyenyoosha mkono alihesabika ameafiki. Tuliafiki nyumba. Tuliafiki zahanati. Tuliafiki makaburi, na marehemu wakahesabika wameafiki kuliko sisi.

Ndipo Mtendaji alipouliza, "Barabara iko wapi?"

Tukatazama chini. Palikuwa na kila kitu.

"Barabara ni muhimu sana," alisema Nalyoto, akiwa amesimama katikati ya kipande chake. "Mimi naitaka kuliko mtu yeyote hapa. Ipite kwa Chinduli."

"Nami naitaka," nilisema, "ila napinga. Ipite kwa Nalyoto, hana anachokifanya pale zaidi ya kukoroma."

"Kwangu ni zahanati," alisema Bi Mwanjaa. "Mnataka magari yapite juu ya wagonjwa, baba zangu?"

Mwenyekiti Machinjili, kwa upole wake, akaizungusha barabara kila mahali. Kila aliposhusha kijiti kuichora, mtu alinyoosha mkono, naye akasema samahani, akakihamishia kwa anayefuata, ambaye naye alinyoosha mkono, mpaka kijiti kikazunguka boga zima na kurudi mkononi mwake. Barabara haikuwa na pa kukaa. Kila mtu aliipenda mahali ambapo yeye hayupo.

"Basi tupumzike, tukale," alisema mmoja, "tutaendelea baadaye." Akainua mguu aondoke, kisha akaushusha palepale alipouinua.

Wote tuliliona kwa mara moja. Hakuna aliyechora mlango. Tulikuwa tumeshughulika sana kufunga mipaka kwa majirani, na sasa mbele yangu palikuwa na mstari wangu, nyuma mstari wangu, kulia na kushoto mstari wangu, wote wa majivu ya jiko langu, umekamilika, haujapingwa na mtu.

"Mtendaji," niliita, "mtu akikanyaga mstari wake mwenyewe?"

Aliwaza. Alikuwa mkweli yule binti, huo ndio ulikuwa ubaya wake. "Atakuwa ameipinga nyumba yake, Mzee Chinduli. Itafutwa."

"Na akiruka?"

"Kuruka ni kukanyaga kwa woga."

"Basi tuchore milango," alisema Bi Mwanjaa.

"Mlango unatokea barabarani, mama. Barabara haipo."

Hivyo ndivyo tulivyobaki. Hakuna aliyetufungia. Mnisikie vizuri hapo, kwa sababu watu wakisikia habari za waliofungwa hutafuta mlinzi, hutafuta bunduki, kufuli, ukuta. Sisi tulizungukwa na kitu ambacho mtoto angekipuliza kwa mdomo kikatoweka. Nililala mbele ya mstari wangu nikiutazama kwa karibu, jicho kwa jicho, na niliona kwamba haukuwa na nguvu yoyote isipokuwa ile niliyoileta mwenyewe kwenye ungo. Tuliulizwa. Tulijibu. Je, kushirikishwa ni kuulizwa, au ni kubaki ukiishi ndani ya jibu lako? Na jibu la jana ni langu bado, au ni la yule mtu wa jana, mwenye jina langu na kofia yangu, ambaye alinyamaza wakati mimi wa leo ningepiga kelele?

Asubuhi ile ilidumu. Jua lilikaa juu ya ubao wa matangazo, halikupanda wala halikushuka, na matangazo yalipauka mpaka yakawa karatasi tu. Njaa ilikuja ikatuzunguka, na ilipoona hakuna mlango ikaenda zake. Mvua zilinyesha. Watoto walizaliwa ndani ya mistari, wakachorewa mistari midogo ndani ya mikubwa, na kila mmoja alipofungua macho Mtendaji aliuliza, "Nani anapinga?" Sweta lake lilichakaa kwenye viwiko, likavuliwa na upepo wenyewe, na nywele zake zikaingia mvi bila yeye kuacha kuwa binti.

Majivu hayakupeperuka. Mniamini msiniamini, yalikua. Yalianza kama uzi, yakawa tuta, yakafika magotini. Na kwa kadiri yalivyopanda, sisi tuliosimama kuwakilisha nyumba zetu tukaanza kuzoea kazi. Nalyoto alianza kuvuja. Mvua ikinyesha maji yaliingia utosini yakamtokea kwapani, akalalamika kwamba bati lake lina kutu. Mimi mgongo wangu ulipasuka ufa, mjusi akahamia sikioni, na nikifumba macho nilimsikia akitembea dari nzima. Bi Mwanjaa alinukia spiriti. Mtu akikohoa upande wa pili wa boga alimjibu kwa sauti isiyo yake, "Njoo kesho, dawa zimekwisha," kisha akaziba mdomo kwa aibu, maana alikuwa mwanamke mwema, hakujua maneno yale yametoka wapi.

"Mtani," Nalyoto aliniambia siku moja, kama ilikuwa siku. "Unakumbuka nyumba zetu zile za kweli?"

"Nakumbuka yangu ilikuwa nzuri kuliko yako."

"Zitazame."

Nikatazama kule tulikotoka. Nyumba zilikuwepo, lakini zilikuwa nyembamba. Niliona mti kupitia ukuta wa nyumba yangu. Zilikuwa zimeanza kufutika, bila kupingwa na mtu.

Ndipo dada yangu akaja.

Somoe ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa mbali, akakaa huko mpaka mumewe akafariki, na arobaini ilipokwisha shemeji zake wakamwambia nyumba ni ya ukoo, ajifikirie. Akajifikiria. Alichukua mkeka wake na sufuria, akarudi kwa baba yetu, na baba yetu kwa wakati ule alikuwa ni mimi. Niliiona kanga yake kutoka mbali, ikikua kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye majani, mwisho wa kipande changu. Akatazama yale majivu. Akatazama watu wamesimama kila mmoja ndani ya mistari yake.

"Hodi," alisema.

Ninyi mnajua hodi ilivyo. Mtu hubisha mara ya kwanza, husubiri. Mara ya pili, husubiri. Mara ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu hugeuka na kuondoka, hata kama anasikia watu wanapumua ndani, hata kama ni kwao. Na Somoe ni mtu mwenye adabu kupita kiasi.

Sikumjibu. Unamwambiaje mtu karibu, na huna mlango?

"Dada," nilisema, "usibishe tena kwanza. Subiri."

"Nasubiri, kaka. Kuna nini, msiba?"

"Tunapanga."

"Nami nipangwe basi. Sina pa kwenda."

Mtendaji alimsikia. "Mama, wewe ulikuwa wapi tulipochora?"

"Nilikuwa nazika, mwanangu."

"Pole sana." Alimaanisha. "Maoni ya walio nje yanapokelewa. Ila hayana pa kuwekwa."

"Akae kwangu," nilisema. "Kipande hiki kilikuwa cha baba yetu. Ni chake kama kilivyo changu."

"Kukaa hakuna tatizo, Mzee Chinduli. Kuingia ndiko kwenye tatizo. Mguu wake ukigusa mstari atakuwa ameupinga. Nyumba yako inafutwa, na yeye hana ya kufuta. Mtakosa wote."

Somoe aliposikia hayo alirudi nyuma hatua, akakunja kanga isije ikagusa majivu. "Sitaki kukuvunjia, kaka," alisema. "Naongea hapahapa tu." Akatandika mkeka kwenye majani, akakaa, miguu ameikusanya.

Nadhani angekaa pale miaka, nasi tungeongea kupitia majivu mpaka mmoja wetu asahau mwenzake ni nani. Lakini Mwenyekiti alikuwa amechoka. Upole ukichoka unakuwa kitu cha kutisha kuliko ukali, kwa kuwa ukali unajua unachokitaka.

"Jamani," Machinjili alisema kutoka katikati ya boga, "tumeafikiana kila kitu isipokuwa njia. Tangu lini mkutano ukashindwa kwa ajili ya kitu kimoja? Napendekeza tuafikiane na hilo. Tupitishe mpango kama ulivyo. Tuuite Mpango wa Kubaki."

"Ukipita," alieleza Mtendaji taratibu, "mistari haitabadilika tena. Aliyemo yumo. Aliye nje..." Alimtazama Somoe, hakumaliza. Akachukua muhuri wa kijiji, akaufungua, akaupulizia pumzi ya moto kama watu wa ofisini wafanyavyo wino ukikauka.

"Hodi," alisema Somoe, mara ya pili. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikawaza haraka, na mimi si mtu wa kuwaza haraka. Nilikuwa na mkono. Mtu mmoja anatosha kupinga; hiyo ndiyo ilikuwa sheria, nzuri ilioje, mzee mmoja mwenye mjusi sikioni kuzuia kijiji kizima. Nikaanza kuuinua.

"Mtani," alisema Nalyoto. Hakuwa na utani usoni. Maji yalimtiririka mashavuni na mvua haikunyesha. "Unajua unachokipinga? Ukipinga mpango wote, mistari yote inafutwa. Yangu. Ya Mwanjaa. Ya vile vitoto. Zile nyumba za kule ng'ambo zimeshakwisha, tazama. Tutakuwa hatuna huku wala kule."

Nikatazama ng'ambo. Palikuwa na miti, na nyuma ya miti, miti.

"Nami nimwache dada yangu?"

"Sikusema umwache. Nasema nisamehe mimi."

Mkono wangu ulikaa hewani, si juu si chini. Na hapo, nikiwa nimenyanyua mkono namna ile kama mtu anayeita gari lisilokuja, niliuona ujanja wa jambo lenyewe. Tulidhani tumepewa nguvu ya kusema hapana. Tuliifurahia, tukaitumia kwa kila barabara iliyotusogelea. Lakini kila hapana yetu ilielekezwa kwa jirani. Nilizuia njia isipite kwangu, naye akazuia, na yule akazuia, na jumla ya hapana zetu ndiyo ilikuwa lile gereza, lisilo na askari, lenye wafungwa wanaopendana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejaribu kujielekezea hapana yeye mwenyewe. Nani angeijaribu? Nyumba yangu ni mimi. Jiko langu, majivu yangu. Nikijipinga, anabaki nani wa kusema kwamba nimejipinga? Niliogopa. Andikeni hivyo. Sikuogopa kufa, kufa nilishakuzoea kwa kukusikia kwa wenzangu. Niliogopa kuwa mahali ambapo hakuna mtu.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Mtendaji, na muhuri ulikuwa juu, "nani anapinga?"

"Hodi," alisema Somoe, na alishaanza kukunja mkeka.

"Karibu," nilisema.

Nikaushusha mkono, nikainua mguu, ule wa kulia, moja ya yale majembe ya Nalyoto, nikaukanyaga mstari wangu. Ulikuwa baridi. Nikauburuta. Nilikanyaga wa mbele, nikageuka nikakanyaga wa nyuma, nikatimua majivu mpaka yakapanda kifuani, nikikohoa, nikilia, nikicheka pia, kwa sababu mjusi alitoka sikioni akakimbia kama mpangaji aliyeamshwa na moto. Ufa wa mgongoni ukajifunga. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama kwenye ardhi tupu, kutoka kiti cha Mwenyekiti hadi kwenye majani, na ilikuwa kweli kama nilivyoogopa. Nilijitafuta nikaona hakuna nyumba, hakuna Chinduli, kuna uwazi tu wenye magoti mabovu.

Watu wote waliutazama ule uwazi.

"Hapa sasa ni pa nini?" Mtendaji aliuliza. "Kila penye mpango lazima pawe na matumizi."

Sijui nani alianza. Ilitoka midomoni mwao kwa pamoja, wazee na vitoto, na Bi Mwanjaa kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya spiriti. "Barabara."

"Nani anapinga?"

Nani angepinga? Ilikuwa haipiti kwa mtu.

"Na nani atasimama kama barabara?"

Hapo wakatazama vidole vyao.

"Barabara haisimami, binti," alisema Nalyoto mwishowe. "Inalala. Na kwa kulala, hakuna wa kumshinda mtani wangu. Amezaliwa amelala, mama yake alimtikisa wiki nzima." Lakini sauti ilimkatika katikati, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, kumsaidia.

Nikalala. Kichwa nikakielekeza ofisini, miguu kwenye majani. Nilidhani nitapelea, mimi si mrefu, lakini ardhi iliponigusa mgongoni nilihisi nikivutika kama donge la chapati chini ya kifimbo, taratibu, bila maumivu, mpaka visigino vikawa mbali kiasi kwamba habari zao zilinifikia zimechelewa.

Wakaomba milango. Kila mmoja alifungua mlango kwa upande wangu, na walio mbali wakafungua kwa upande wa Mwenyekiti, wapite ofisini kisha waje kwangu. Hakuna mlango uliopingwa. Na wakatoka. Ee bwana, walivyotoka. Walikuwa wamesahau kutembea, wakaanza kwa kuburuza, kisha wakatembea, kisha wakakimbia. Niliwajua kwa nyayo. Bi Mwanjaa alivua viatu. Kuna waliosema asante, babu, na kuna ambao hawakunijua tena, walitazama mbele tu, nami sikuwalaumu, nani huwa anaitazama barabara. Nalyoto alisimama kifuani kwangu, akaruka mara mbili kwa makusudi.

"Nakagua tu," alisema. "Ina mabonde." Kisha akachuchumaa, akapapasa kidogo pale alipokanyaga, akaondoka akipangusa uso.

Walikwenda mpaka kelele zao zikaisha. Kiwanjani tukabaki Mwenyekiti, Mtendaji na mimi, na nje kwenye majani Somoe, ambaye wakati wote ule alikuwa akiwapisha wenye haraka.

Sasa akaingia. Alitembea pembeni, kwenye ukanda mwembamba uliobaki kati ya mwili wangu na tuta la Bi Mwanjaa, asinikanyage. Akaweka sufuria chini. Akaanza kukusanya majivu yangu yaliyotawanyika, kwa viganja, akayatia kwenye ule ungo wangu.

"Mama," alisema Mtendaji, na nilisikia jinsi lilivyomuuma, "hapo ni hifadhi ya barabara. Hapajengwi."

"Hapajengwi na nani?"

"Na mtu yeyote. Ni sheria."

"Ile sheria nyingine inasemaje, mwanangu? Nilikuwa nimekaa pale nje, nimeisikia mpaka nimeishika. Mstari usiopingwa?"

"Unabaki," alisema Mwenyekiti Machinjili, kabla hajajizuia.

Somoe akainama, akachora. Hakuchora kikubwa. Mkeka wake ungetosha humo na miguu kutokeza nje. Na upande ulionielekea mimi akaacha pengo, upana wa mtu mmoja. Alipomaliza akasimama katikati, akiwa na majivu mpaka kwenye nyusi.

"Uliza, mwanangu," alisema.

Mtendaji alitazama huku na huku. Vipande vyote vya boga vilikuwa vitupu, milango wazi, wenyewe wamekwenda. Yeye mwenyewe hakuwa mkazi, alikuwa mtumishi, hakuwa na mkono wa kunyoosha. Mwenyekiti hakuwahi kupinga kitu maishani mwake. Akabaki kunitazama mimi.

"Barabara," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo, "una pingamizi?"

Ningeweza kusema. Mdomo nilikuwa nao bado, mahali fulani karibu na mguu wa kiti. Ningesema sina, ningesema ndiyo, ningesema maneno mazuri juu ya dada na kaka. Lakini nilikumbuka kimya changu cha asubuhi ile, kilichohesabiwa kila mara bila mimi kujua kinahesabiwa upande gani, na nikataka mara hii nikitoe mwenyewe. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote, kwa urefu wangu wote, kutoka ofisini hadi kwenye majani.

Muhuri ukashuka.

Mtendaji aliondoka akipita juu yangu kwa ncha za vidole. Machinjili alifuata, akiomba samahani kwa kila hatua. Jua likajikumbuka, likasogea. Somoe akawasha moto, moshi wake ukanipitia usoni, na baada ya muda akatokeza kwenye lile pengo lake, mwiko mkononi.

"Kaka," aliniita, "uji tayari. Njoo unywe ungali moto."

Nikajaribu kujiinua. Kisigino kilikuwa kimeshaleta habari: kitu kizito kimeingia kutoka kwenye majani, kinakuja polepole, kimejaa mabati ya watu.

"Ufunike," nikamwambia. "Kuna lori linapita."